Benard na Ng'ombe Waliokataliwa na Kompyuta

Kama ulipita Kimulot mwaka wa tisini na nane, ukaona kijana amevaa tai katikati ya matope, amekumbatia mfuko wa plastiki kifuani utadhani ni mtoto mchanga, huyo alikuwa Benard Kiplangat wetu. Ndani ya mfuko kulikuwa na flopi, kile kidiski cha kubebea kazi ya kompyuta. Kwenye kozi yake ya kompyuta kule Kericho walimwambia flopi haitaki maji, haitaki vumbi, haitaki jua kali wala haitaki kukunjwa. Nikamwuliza, "Na hiyo flopi inataka nini basi? Si irudi kwao?" Hakucheka. Mambo mengine yote Benard alicheka, lakini ya kompyuta hapana.

Jina langu ni Priscah. Nilikuwa mpiga taipu wa chama chetu cha ushirika cha maziwa, na kabla kompyuta haijafika, barua ya chama haikutoka nje bila kupita kwa vidole vyangu. Kisha wakaleta ile mashine, wakaiweka kwenye meza yangu ya dirishani, mimi nikasukumwa pembeni karibu na mitungi ya maziwa. Meneja wetu, Bosire, akaniambia niwe naipangusa vumbi kila asubuhi. Mimi! Kuipangusa! Hata leo nikikumbuka nafyonya. Lakini Benard sikuweza kumchukia, maana nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Nyumba yangu na ya mama yake, Chepkurui, zinatenganishwa na shamba dogo tu la majani chai, na yeye huniita anti mpaka leo.

Sasa, ile mashine ya kwanza ilikuwa kuukuu, na programu yake ya zamani. Benard alikuwa ameandika humo ng'ombe wote wa wanachama kwenye jedwali refu: namba ya sikio, jina la ng'ombe, tarehe ya kuzaliwa, jina la mwanachama. Mwaka huo chama kikapata mashine ya pili, mpya, yenye programu ileile lakini toleo jipya. Jedwali likatakiwa lihamie huko. Benard akanyoosha tai, akasema hiyo ni kazi ya kumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ai! Chai ya saa nne ilinywewa, vikombe vikaoshwa, ikapikwa nyingine.

Kwanza alitia flopi kwenye mashine mpya. Ikamwuliza kama ageuze faili iwe ya mtindo mpya, naye kwa ujasiri wake akabonyeza ndiyo. Ikageuka vizuri. Lakini alipoirudisha kwenye mashine ya zamani, ambayo bado tulikuwa tunaitumia, ile ya zamani ikasema faili hiyo haiijui kabisa. Benard akakaa chini, jasho likamtoka. "Anti, jipya linasoma la zamani, lakini la zamani halisomi jipya." Nikamwambia hiyo naielewa sana, ni kama mtoto aliyetoka shule ya bweni. Yeye anakuelewa, wewe humwelewi. Bahati yake alikuwa na nakala kwenye flopi nyingine.

Akabadilisha njia. Akawa ananakili mistari huku na kuibandika kule. Tarehe zikageuka: ndama aliyezaliwa tarehe tano mwezi wa pili akawa amezaliwa tarehe mbili mwezi wa tano. Akarekebisha. Majina marefu yakakatwa mkia, kwa sababu nafasi kwenye jedwali jipya ilikuwa fupi. Akapanua. Nisiseme uongo, kijana alijua kazi yake. Shida ni kwamba alijua pia kwamba anaijua.

Lakini kila akibandika, mashine ilimwambia kuna mistari imekataa kuingia, ikaiweka kando kwenye jedwali lake dogo. Benard alifuta kila kitu, akaanza upya. Mistari ileile ikakataa. Akasema ni virusi. Akasema ni stima, inapungua wakati kiwanda cha chai kinawasha mashine zake. Akasema flopi imeshika unyevu. Mwishowe akasema ni vumbi, huku ananiangalia mimi, na hapo nilikaribia kumpiga na kile kitambaa.

Nikaenda kusimama nyuma yake nione hao wanaokataliwa ni akina nani. Nikasoma. Wale ng'ombe niliwajua wote.

Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa mjane, mwingine kwa shemeji ng'ambo ya mto. Yule aliyepelekewa anakamua, watoto wake wanakunywa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Tunaita kimanagan. Na jambo hilo halitangazwi. Hujui ng'ombe wa jirani ni wa nani, na hata ukijua, hujui. Kwa hivyo Benard alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha, anayetunza ng'ombe alisema anaye, na mwenyewe kule kwake akasema anaye, akataja na namba ya sikio. Wote wawili walisema ukweli. Programu ya zamani ilimeza yote bila kuuliza. Kwenye ile mpya, Benard mwenyewe alikuwa ameweka sharti kwamba namba ya sikio isiingie mara mbili, maana ndivyo alivyofundishwa Kericho. Ng'ombe akija mara ya pili kwa jina la nyumba nyingine, anafungiwa mlango.

Utaniuliza mbona sikumwambia. Ningemwambia nini? Hayo si maneno yangu. Ningeanza kutaja ng'ombe wa nani nikaacha wa nani?

Basi akashuka mpaka kibanda cha simu, akampigia mwalimu wake wa kozi, mtu anaitwa Ogari. Ogari hakuhitaji hata muda. Akamwambia, "Namba zinajirudia hapo. Tafuta zinazojirudia, ufute moja." Benard akarudi anapiga mluzi, akamweleza meneja.

Bosire alikuwa mtu wa kutoka upande wa Kisii, mwema, lakini alipenda mambo yakae kama rula. Na wakati huo alikuwa na wasiwasi, kwa sababu ugonjwa wa midomo na miguu ulikuwa umeshaonekana mabonde ya chini. Daktari wa mifugo angekuja Jumatatu na chanjo isiyotosha kila mtu. Daktari huyo alikuwa amesema wazi kwamba atafuata orodha itakayotoka kwenye mashine mpya, nyumba kwa nyumba, na ng'ombe ambaye hayuko kwenye orodha ya nyumba hiyo, anampita.

"Ng'ombe mmoja, mwenyewe mmoja," Bosire akasema. "Yule si mwenyewe, futa. Ijumaa nataka hiyo kitu imenyooka. Ukishindwa, Benard, wako wengine wamesoma kompyuta."

Ndio Benard akatoka na tai yake kwenda kuuliza watu wazima ng'ombe ni wa nani. Woi! Mtoto wa Kipsigis, amezaliwa hapa, amekula hapa, anapiga hodi na kuuliza hivyo kama karani wa kuhesabu watu! Kwa mwanachama mmoja, Chepchirchir, alipewa chai na mkate, akaulizwa habari za mama, habari za kanisa, na ataoa lini. Akatoka ameshiba, amefurahi, akafika kwa lango ndipo akakumbuka hakujibiwa. Mzee mmoja alimrudishia swali: "Ni nani amekutuma uhesabu ng'ombe yangu?" Mwingine akasema hasikii vizuri siku hizi, na huyo ni mtu anayesikia gari ya maziwa ikiwa bado iko Litein. Uvumi ukaenea kwamba Benard anafanya uchunguzi wa mahari. Kufikia Alhamisi, watu wakiona tai inapanda kilima, walisukuma ng'ombe nyuma ya nyumba.

Akarudi ofisini na matope mpaka magotini, hasira zimempanda. Akaketi kwenye mashine aanze kufuta kwa kukisia. Ghafla akapiga kelele, "Anti! Kuja uone wizi!"

Nikaenda. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa Malkia, ng'ombe wa mama yake. Namba ileile ya sikio ilikuwa imeandikwa pia chini ya jina la Mzee Nicholas arap Siele.

Huyu arap Siele alikuwa mzee wa koti refu, anaishi juu karibu na msitu. Jumapili baada ya kanisa alikuwa na tabia ya kupitia kwa Chepkurui. Anasimama kando ya Malkia, anampapasa mgongo, anamwangalia kiwele, anakunywa kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, anasema maneno machache ya hali ya hewa, anaenda zake. Benard alikuwa anamwigiza pale dukani. Alimwigiza anavyochechemea, anavyokohoa, anavyomkagua ng'ombe kama anayenunua. Watu walicheka mpaka wanashika mbavu. Siku moja mzee mwenyewe alitokea nyuma yake, akasimama, akacheka pamoja na wengine.

"Mzee ameandika ng'ombe yetu kwake!" Benard akasema. "Na nilivyomwona, nilijua tu kuna kitu anatafuta pale kwetu!" Akapeleka kidole kwenye kile kitufe cha kufutia.

Nikamchapa mkono. Ndiyo, mfanyakazi mwenzangu, na tai yake. "Toa mkono hapo! Kabla hujafuta mtu, nenda nyumbani umuulize mama yako."

Nikafuatana naye, maana nilijua akifika na ile hasira atampigia mama kelele. Tulimkuta Chepkurui anakatia Malkia nyasi. Benard hata hakusalimia. "Mama, Malkia ni ya nani?"

Chepkurui aliweka panga chini. Kwanza aliniangalia mimi, nami nikatikisa kichwa kwamba sijasema neno. Akapangusa mikono kwenye leso. "Ni ya arap Siele," akasema.

Akamweleza palepale, wamesimama. Baba yake Benard alipofariki, mtoto hajaanza shule, nyumba ile haikuwa hata na mbuzi. Arap Siele na marehemu walitahiriwa pamoja. Asubuhi moja akaja anavuta ng'ombe, mama yake Malkia, akamfunga kwenye nguzo, akasema kwake malisho yamekuwa kidogo, asaidiwe kumtunza. Aliomba kama yeye ndiye mwenye shida. Tangu siku hiyo hakudai ndama. Maziwa ya ng'ombe yule na ya Malkia binti yake ndiyo yaliyomkuza Benard, ndiyo yaliyomsomesha.

"Hata kozi ya Kericho?" Benard akauliza.

"Hata hiyo tai," mama akasema.

Mimi ningecheka, lakini nilimwona Chepkurui anakaza leso kiunoni. "Sasa hiyo mashine yako inataka nini?" akauliza.

"Inataka mmoja, mama. Mmoja abaki, mmoja afutwe."

"Ukimfuta arap Siele, umeniandika mimi mwizi wa ng'ombe ya mtu aliyenisaidia. Ukinifuta mimi, daktari ataenda na dawa kule kwa arap Siele, na ng'ombe iko hapa. Malkia akifa mikononi mwangu, nitamwambia nini yule mzee? Niambie, Benard, wewe umesoma!" Akaanza kulia. Na mimi nikalia, sioni haya kusema.

Tulipanda kwa arap Siele jioni ileile, jua likiwa bado. Njiani Benard alivua tai akaitia mfukoni. Tulimkuta mzee anafunga ua wa boma lake, na ng'ombe ndani ya boma hawakuwa wengi kama watu walivyofikiri. Tukasalimiana, tukapewa kiti. Benard alikataa kukaa.

"Mzee, nimekuja kukuambia, nitamfuta mama. Ng'ombe ni yako, itaandikwa yako. Daktari nitamshika mkono mimi mwenyewe nimlete mpaka kwetu."

"Hapana. Futa mimi," arap Siele akasema, anaendelea kukaza kamba ya ua. "Ng'ombe yenyewe iko wapi? Si iko kwa mama yako? Basi dawa iende huko. Mimi najua ng'ombe yangu, haitapotea kwa sababu imetoka kwa mashine."

"Haitakuwa haki."

"Haki nimeiona kwa miaka mingi, inakua, inaenda shule. Futa mimi."

Hapo Benard alishindwa. "Mzee, mbona hamkuniambia? Nimekucheka mbele ya watu. Nimekucheka miaka yote."

Arap Siele aliiacha ile kamba. "Mtoto akijua maziwa ni ya mtu mwingine, anakunywa akiangalia chini," akasema. "Baba yako hangetaka mtoto wa kuangalia chini." Kisha akakohoa, akamwangalia. "Na ile kutembea yangu unafanya pale dukani, unakosea. Mimi ninachechemea mguu wa kushoto. Wewe unavuta wa kulia."

Mke wake akaleta mursik. Benard alikunywa kikombe chote, machozi yanaingia humohumo, na hakuna aliyemwambia apanguse uso.

Tukashuka mpaka kwa mto. Benard akasimama kwenye daraja. "Anti, nimekuwa nikiuliza watu swali baya. Daktari hana haja ya kujua ng'ombe ni ya nani. Anataka kujua inalala wapi."

"Ndiyo unajua leo?" nikamwambia. Lakini moyoni nilifurahi sana.

Ijumaa asubuhi akaanza tena raundi zake, mbiombio. Safari hii aliuliza kitu kimoja tu, ng'ombe mwenye namba fulani analala wapi. Watu walijibu bila hata kumkaribisha ndani. Chepchirchir alimpigia kelele akiwa bado yuko barabarani: "Hiyo ya rangi mbili inalala hapa! Na ile nyekundu inalala kwa dada yangu!" Hata yule mzee asiyesikia alisikia vizuri.

Akarudi kwenye mashine. Akatengeneza jedwali la kwanza ambalo kila ng'ombe ana mstari mmoja, namba yake na mahali anapolala. Akatengeneza la pili pembeni, la namba na nyumba, na hilo halikuwa na sharti, ng'ombe angeweza kuwa na nyumba mbili au hata zaidi, akitaka. Sikuelewa yote, lakini nilimwona anavyobandika. Akabonyeza, akafunga macho. Mashine ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Hakuna aliyekataliwa. Benard akaruka juu, akagonga goti kwenye meza yangu. Ndiyo, yangu.

Bosire akaja kuchukua orodha. Akaisoma, akaridhika. Kisha akainama kutazama kioo, na bahati mbaya palikuwa pamefunguka penye Malkia. "Hapa naona nyumba mbili," akasema. "Nilisema mwenyewe mmoja. Mwenyewe ni nani?"

Mnajua Benard. Huyu ni mtu aliyeweza kumzuia mwanachama mlangoni, na maziwa yake yanaganda, amweleze tofauti ya toleo la zamani na jipya. Safari hii alisimama wima, akamwangalia meneja usoni.

"Hiyo sijui, bosi."

"Hujui? Hii si ng'ombe ya kwenu?"

"Najua inalala wapi."

Bosire akaniangalia mimi, nami nikaangalia mitungi ya maziwa. Nilidhani kijana amekwisha, kazi imeenda. Kumbe Bosire alitoa kalamu, akatia sahihi. "Hata kwetu wazee wako hivyohivyo," akasema, akatoka kwenda kutafuta chai.

Jumatatu daktari alifika kwa Chepkurui na sindano yake, akakuta tuko wengi uani, na arap Siele naye ameteremka. Daktari akasoma namba ya sikio, akaiona kwenye karatasi. Akasema mwenye ng'ombe amshike kichwa. Chepkurui akaangalia chini. Benard alifungua kamba kwenye nguzo, akampa arap Siele, yeye akazunguka nyuma akashika mkia.